Pengo Mdomoni: Jinsi ya Kuchagua Kati ya Meno ya Kuvua, Daraja na Kipandikizi

Mtu akipoteza jino, swali linalomjia kwanza ni: njia ipi ni bora kuliko zote? Nami niliuliza hivyohivyo nilipong'olewa gego la kwanza la chini, upande wa kulia. Nikaambiwa daraja, yaani jino la bandia lililoungana na kofia zinazovishwa meno mawili ya jirani, ni imara, halivuliwi, na litanifaa kwa miaka mingi. Yote yalikuwa kweli. Lilinifaa miaka 9. Siku lilipolegea, daktari alilitoa akanishikisha kioo nijionee: jino la nyuma, moja ya nguzo mbili za daraja lile, lilikuwa limeoza chini ya kofia yake hadi kuwa laini kama kizibo kilicholowa. Halikuwahi kuniuma, kwa kuwa mzizi wake ulishatibiwa zamani na mshipa wa fahamu haukuwamo tena. Likang'olewa. Nikabaki na pengo la meno mawili pale palipokuwa na pengo la jino moja.

Tangu siku hiyo swali langu ni jingine, nami naomba uende nalo kwa daktari wako: siku kifaa hiki kitakapoharibika, nitabaki na nini? Hakuna jino la kutengenezwa linalodumu milele. Tofauti kubwa kati ya njia zilizopo ni namna kila moja inavyofikia mwisho wake, na kama inaondoka peke yake au inaondoka na majirani.

Kwanza, kama jino limetoka sasa hivi

Kama unasoma haya jino la mtu mzima likiwa mkononi baada ya kuanguka au kugongwa, acha kusoma mengine. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu lisuuze sekunde chache tu kwa maji safi yaliyo baridi au kwa maziwa, usilisugue, kisha lirudishe shimoni likitazama upande wake, uume kitambaa taratibu kulishikilia, ukimbie kwa daktari wa meno. Ukishindwa kulirudisha, litie ndani ya maziwa, si maji. Dakika 30 za kwanza zina thamani kubwa mno; kadiri jino linavyokaa nje likikauka ndivyo tumaini linavyopungua. Jino la utotoni halirudishwi, maana laweza kuumiza jino la ukubwani linaloota chini yake.

Hatua ya 1: Lisome pengo lako

Simama mbele ya kioo penye mwanga mzuri, vuta shavu kwa kidole, utazame mambo manne.

La kwanza ni mahali. Pengo la mbele linagusa uso, matamshi na ujasiri wa kucheka. Pengo la nyuma linagusa utafunaji. Yanatibiwa kwa vipimo tofauti.

La pili ni majirani, yaani jino la kabla na la baada ya pengo. Je, ni mazima kabisa, hayajawahi kuzibwa? Au yamezibwa vipande vikubwa, yamevunjika, au yana kofia tayari (krauni, kama waitavyo wengi)? Hapa ndipo uamuzi mwingi unapoegemea, na ndipo mimi nilipokosea. Jino zima halina deni na mtu. Kulichonga ili libebe daraja ni kulitwisha mzigo usio wake. Lakini jino ambalo tayari lingehitaji kofia halipotezi kitu likifanywa nguzo.

La tatu ni jino linaloelekeana na pengo, juu au chini. Jino lisilo na mwenzake wa kuumana naye huweza kushuka au kupanda pole pole kuelekea kwenye uwazi, na majirani wa pengo huweza kuinama kuliingilia. Uma meno, vuta shavu, uangalie: kuna nafasi ya kutosha kuweka jino, au jino la juu limeshakaribia kugusa ufizi wa chini? Nafasi ikiwa imeliwa, kazi inaongezeka, na mara nyingine meno lazima yasogezwe kwa waya kabla ya jambo lolote.

La nne ni muda. Mfupa wa taya unaobeba jino huishi kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, mfupa nao huanza kunywea, na kasi yake kubwa ni ya mwanzoni: katika miezi 12 ya kwanza upana wa mfupa pale pengoni unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi 3 ya kwanza. Pitisha kidole juu ya ufizi wa pengo. Palipong'olewa karibuni ni pana na mviringo. Pa miaka mingi huwa pembamba kama ukingo wa bakuli. Ndiyo maana kama bado hujang'oa, wakati mzuri wa kuzungumzia jino litakalofuata ni kabla ya kung'oa. Daktari anaweza kupanga kung'oa kwa upole zaidi, au kujaza shimo kwa unga wa mfupa ili lisinywee sana.

Hatua ya 2: Jiulize kama ni lazima lizibwe

Watu hawapendi kuambiwa hivi, lakini kuacha pengo ni njia halali ya matibabu kwa baadhi ya watu. Mtu mzima ana meno 32 akihesabu magego ya mwisho, na kinywa chenye meno 20 yanayoumana vizuri kwa kawaida humtosha mtu kula na kuzungumza kwa raha. Japani ilianzisha kampeni mwaka 1989 yenye lengo hilohilo: mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20.

Gego la mwisho kabisa halihitaji mbadala. Gego la pili likiondoka na ukawa huoni tofauti unapotafuna, jirani hajainama, na la juu halijashuka, unaweza kuliacha huku daktari akiliangalia kila mwaka. Ninalokataa ni kuacha kwa kusahau. Kuacha kwa kuamua kunaambatana na kuangalia. Kuacha kwa kusahau ndiko kunakomfanya mtu arudi baada ya miaka 6 akiwa na kazi mara tatu ya ile ya mwanzo.

Usiache pengo ikiwa ni la mbele na linakufanya ufunike mdomo ukicheka, ikiwa upande mmoja hautafuni tena kabisa, ikiwa meno yaliyobaki yameanza kusagika kwa kubeba kazi yote, au ikiwa majirani wanasogea mwezi hadi mwezi.

Hatua ya 3: Tengeneza kinywa kabla ya kutengeneza jino

Jino lilipotea kwa sababu fulani. Sababu ikiwa bado imo kinywani, itakula na mbadala wake.

Fizi zinazotoka damu, ugaga uliogandamana, meno yanayocheza: haya hutibiwa kwanza. Aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa unaofanana nao kuzunguka kipandikizi, yaani skrubu inayopandwa mfupani badala ya mzizi. Meno mengine yaliyotoboka yazibwe, na mizizi iliyobaki ufizini ipigwe eksirei iamuliwe: mingine inatolewa, mingine yenye afya inaweza kuachwa kwa makusudi ili ishikilie mfupa chini ya meno ya bandia.

Kisha uweke mezani hali yako yote ya afya, hata usiyoona inahusiana na meno. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha vidonda kupona. Sigara huongeza takribani maradufu uwezekano wa kipandikizi kushindwa kushika. Mionzi iliyowahi kupigwa kichwani au shingoni hubadilisha uhai wa mfupa wa taya. Dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti, pamoja na denosumabu, ambazo hutumiwa na wenye mifupa dhaifu na baadhi ya wagonjwa wa saratani, zinaweza kufanya taya lisipone vizuri baada ya kung'olewa au kutobolewa. Zitaje kwa majina, beba hata boksi lake. Wala usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Daktari wa meno na aliyekuandikia dawa wazungumze wao kwa wao.

Umri nao una neno. Kijana ambaye taya bado linakua hawekewi kipandikizi, maana kipandikizi hakisogei na mfupa kama jino linavyosogea. Baada ya miaka michache kitaonekana kimezama huku majirani wamesonga mbele. Kijana wa namna hiyo hupewa kifaa cha kuvua au daraja la kubandika (jino la bandia linalogandishwa kwa gundi nyuma ya jirani) hadi ukuaji ukamilike.

Hatua ya 4: Zijue njia, na udhaifu wa kila moja

*Meno ya kuvua*

Hiki ni kifaa unachokivaa asubuhi na kukivua usiku. Ni njia ya bei nafuu kwa kuanzia, haichongi meno kiasi cha kutisha, na inaweza kuziba mapengo mengi kwa mara moja. Kuna aina tatu kuu kwa mtu aliyebakiwa na meno kadhaa.

Ya kwanza ni ya akriliki, ile plastiki ngumu ya rangi ya ufizi. Hutengenezwa upesi, na ukija kupoteza jino jingine, fundi wa maabara analiongeza kwenye bamba lilelile. Lakini bamba lazima liwe nene ili lisivunjike, na mara nyingi hukaa juu ya ufizi peke yake. Kila unapotafuna linakandamiza ufizi, na likikaa vibaya linasugua shingo za meno jirani.

Ya pili ina fremu ya chuma, aghalabu kobalti na kromu. Ni nyembamba, haifuniki kaakaa lote, na ina vijinyayo vidogo vinavyokaa juu ya meno ili mzigo wa kutafuna ubebwe na meno pia. Mimi nikiulizwa na ndugu ambaye atavaa meno ya kuvua kwa miaka mingi, nitamwambia atafute hii kama uwezo unaruhusu. Kulabu zake za chuma zinaweza kuonekana ukicheka. Omba uonyeshwe zitakaa wapi kabla hazijatengenezwa.

Ya tatu ni ya naironi inayopindika. Inapendwa kwa sababu haina chuma na kulabu zake zina rangi ya ufizi. Kwa pengo dogo la mbele, au kwa mtu asiyepatana na akriliki, inafaa. Udhaifu wake ni kwamba ni vigumu kuikarabati, kuiongezea jino au kuijaza ndani mfupa unaponywea. Ufizi ukibadilika, mara nyingi unatengenezewa nyingine.

Kuna pia kifaa cha papo kwa papo: meno yanatengenezwa kabla ya kung'oa, na yanavalishwa siku ileile ili usitoke mtupu. Ni msaada mkubwa kwa heshima ya mtu. Ila jua kwamba ufizi utashuka ndani ya miezi michache, kifaa kilegee, na kitahitaji kujazwa upya au kutengenezwa kingine. Lipangie hilo tangu mwanzo.

Kwa asiyebakiwa na jino hata moja, meno ya juu huwa na neema: bamba pana la kaakaa linanyonya ufizi na kushika. Ya chini ni habari nyingine. Hakuna kaakaa la kushikilia, ulimi unayasukuma kila unapozungumza, na ukingo wa mfupa ndio huohuo unaozidi kunywea. Mama yangu aliyavaa ya juu kutwa nzima bila kulalamika, lakini ya chini yalikaa ndani ya leso mkobani. Aliyavaa mgeni akibisha hodi, na chakula kikitengwa anayarudisha kwenye leso. Kama una mzazi wa namna hiyo, usimlaumu kwamba hataki kuzoea. Soma kipande cha mchanganyiko hapo chini.

Meno ya kuvua yanapoharibika unabaki na nini? Kwa sehemu kubwa unabaki na ulichokuwa nacho: kinywa kilekile, mfupa mdogo zaidi, na meno jirani ambayo yakisafishwa vizuri yapo salama. Ndiyo njia inayosamehe zaidi. Kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka 5 hadi 10.

Neno moja la kutahadharisha. Wapo watu wasio na mafunzo wanaobandika jino kwa dakika chache kwa kumimina plastiki ya kuganda moja kwa moja juu ya meno jirani. Kinachobandikwa hakivuliki, hakisafishiki, na chakula huoza chini yake. Nimeona mtu aliyekwenda kuziba jino moja kwa njia hiyo akaja kung'olewa manne. Kifaa cha kuvua ni cha kuvuliwa, na daraja linabandikwa juu ya meno yaliyoandaliwa. Kitu kilicho katikati ya hayo mawili kikatae.

*Daraja*

Katika daraja la kawaida, jirani wa mbele na wa nyuma huchongwa pande zote, kila mmoja anavishwa kofia, na jino la bandia linaelea katikati likiwa limeungana na kofia hizo. Linagandishwa kwa saruji ya meno na halivuliwi. Kazi huchukua wiki chache, haina upasuaji, na siku ya pili unatafuna.

Uzuri huo unalipiwa na majirani. Nyama ya jino iliyochongwa hairudi. Baadhi ya meno yaliyochongwa hufa mshipa baadaye na kuhitaji kutibiwa mizizi. Na kwa kuwa vyote vitatu ni kitu kimoja, uozo ukiingia kwenye nguzo moja, daraja zima linaanguka. Uzi wa kawaida haupiti juu. Lazima upenyezwe chini ya jino linaloelea kwa sindano laini ya plastiki au kwa brashi ndogo za katikati ya meno, kila siku. Mimi sikuonyeshwa hilo siku niliyobandikiwa, wala sikuuliza.

Hata hivyo nisikutishe. Daraja lililopangwa vizuri, juu ya nguzo imara, kwa mtu anayelisafisha, hukaa miaka 10 hadi 15 na mara nyingine zaidi. Kama majirani wako wote wawili tayari wana vizibo vikubwa, au kama hali yako ya afya hairuhusu upasuaji, linaweza kuwa chaguo lako la kwanza.

Kuna aina nyingine isiyosemwa sana, nayo ni daraja la kubandika. Jino la bandia lina bawa jembamba la chuma au kauri ambalo hugandishwa nyuma ya jirani mmoja kwa gundi maalumu. Jirani hachongwi, au anaguswa kidogo tu. Kwa jino moja la mbele ni njia nzuri mno, na uzoefu umeonyesha kwamba pale mbele bawa moja mara nyingi hudumu kuliko mabawa mawili, kwa sababu meno mawili husogea kila moja kivyake na kulitikisa. Mwisho wake ni mpole: linabanduka, unalifunga kwenye karatasi safi, unarudi kugandishiwa. Kama una pengo moja la mbele na hujawahi kusikia habari zake, liulizie kwa jina.

*Kipandikizi*

Kipandikizi ni skrubu ya titani, au mara chache ya kauri ya zirkonia, inayopandwa ndani ya mfupa ikae badala ya mzizi. Mwaka 1952 daktari Msweden Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mifupa ya sungura, alikuta vifaa vyake vya titani vimeshikamana na mfupa hata havitoki. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza. Jambo lilelile ndilo linalotegemewa hadi leo: mfupa kuota na kuing'ang'ania titani.

Safari yake ni ndefu. Unapigwa picha ya pande tatu ili uonekane urefu na upana wa mfupa, mshipa wa fahamu wa taya la chini, na uwazi wa sainasi, yaani chumba cha hewa kilicho juu ya magego ya juu. Mfupa ukiwa haba, unaongezwa kwanza, au sakafu ya sainasi inainuliwa, na hapo unaweza kusubiri miezi kadhaa. Kisha kinapandwa kwa ganzi ya kawaida. Wengi husema kung'olewa kuliwaumiza zaidi. Unasubiri tena miezi 3 hadi 6, taya la juu kwa kawaida likichukua muda mrefu zaidi kwa kuwa mfupa wake ni laini. Mwisho kinafungiwa shingo, yaani kipande cha kuunganisha, na kofia. Wapo wanaowekewa jino siku ileile, lakini si kila mfupa unafaa, na jino hilo la kwanza huwa la muda.

Kwa mtu aliyechaguliwa vizuri, takribani vipandikizi 95 kati ya 100 huwa bado vimo baada ya miaka 10. Majirani hawaguswi, na mfupa unaendelea kupata kazi. Hayo ndiyo yanayokifanya kiwe pendekezo la kwanza kwa pengo moja lililo kati ya meno mazima.

Lakini kumbuka jino la asili limening'inizwa kwa nyuzi laini zinazohisi mkandamizo. Kipandikizi kimeganda mfupani, hakihisi wala hakina mto. Anayesaga meno usingizini anaweza kuvunja kofia au kulegeza skrubu bila kujua, hivyo hutengenezewa kinga ya kuvaa usiku. Na kuna ugonjwa wa kuzunguka kipandikizi: utando wa uchafu hukusanyika, ufizi unavimba na kutoka damu, kisha mfupa unaliwa chini kwa chini, mara nyingi pasipo maumivu. Wapo wanaodhani chuma hakiozi basi hakihitaji mswaki. Kinahitaji uangalifu kuliko jino.

Kikiharibika unabaki na nini? Majirani wako wote. Lakini mfupa wa pale unaweza kuwa umeliwa kiasi cha kuhitaji kujengwa upya kabla ya kujaribu tena.

*Mchanganyiko*

Kati ya meno ya kuvua na vipandikizi kuna njia ya kati ambayo imewaokoa wengi wenye taya tupu la chini. Vinapandwa vipandikizi 2 mbele, vyenye vifungo vidogo kama vya shati, na meno ya bandia yanabofyewa juu yake. Bado unayavua kuyasafisha, lakini hayaogelei. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walipendekeza njia hii iwe ya kwanza kuzingatiwa kwa taya la chini lisilo na meno. Ndiyo iliyotoa meno ya mama kwenye leso. Jioni ya kwanza alitafuna nyama taratibu, kidole kikiwa shavuni akisubiri yateleze, hadi akasahau akashusha mkono.

Kwa anayetaka meno yasiyovulika kabisa, taya zima linaweza kubebwa na vipandikizi 4 au zaidi. Ni kazi kubwa, ya gharama kubwa, na usafi wake unataka bidii. Usiyakubali kama una meno kadhaa yanayoweza kutibiwa na unaambiwa uyang'oe yote ili kazi iwe rahisi. Hapo tafuta maoni ya daktari wa pili.

Hatua ya 5: Hesabu gharama kwa miaka, si kwa siku

Chukua karatasi. Kwa kila njia andika malipo ya mwanzo, ukaguzi na usafishaji wa kila mwaka, na kitakachobadilishwa ndani ya miaka 15. Meno ya kuvua yanaweza kutengenezwa mara mbili au tatu katika muda huo. Kofia ya kipandikizi inaweza kubadilishwa huku skrubu ikibaki. Vifungo vya plastiki kwenye mchanganyiko huchakaa na kubadilishwa kila baada ya muda. Mara nyingine karatasi hiyo hupindua mawazo. Mara nyingine inathibitisha kwamba uwezo wa leo ni meno ya kuvua, na hakuna aibu. Yakitunzwa vizuri hayazuii kuja kupanda kipandikizi baadaye, ingawa mfupa utakuwa umepungua.

Hatua ya 6: Maswali ya kuuliza kabla ya kusema ndiyo

- Nikichagua njia hii, majirani watachongwa kiasi gani? Nionyeshe kwenye picha.
- Ikishindwa, hatua inayofuata ni ipi, na nani atagharamia?
- Mfupa wangu una upana na kimo gani mahali hapo?
- Kuna njia nyingine inayonifaa ambayo hapa haifanywi?
- Nitaisafisha vipi? Nifundishe sasa, kwa brashi, mbele ya kioo.
- Naomba mpango na gharama kwa maandishi niende nikafikiri.

Swali la nne ndilo lenye manufaa kuliko yote. Daktari mzuri hulijibu bila kukasirika.

Hatua ya 7: Jaribio la nta

Kwa meno ya kuvua, kabla hayajatengenezwa kikamilifu, yatapangwa kwanza juu ya nta na kuwekwa mdomoni mwako. Hapa ndipo kila kitu bado kinaweza kubadilishwa, na watu wengi hupapita kwa haraka kwa kuona haya. Usione haya. Sogea dirishani uangalie rangi kwa mwanga wa mchana. Beba picha yako ya zamani ukiwa unacheka, na mtu wa nyumbani asiyeogopa kukuambia ukweli. Hesabu kwa sauti kutoka sitini na moja hadi sabini: kama "sitini na sita" inapiga mluzi au meno yanagongana, sema palepale. Tamka pia "fahari" na "vivuli" usikie kama mdomo wa chini unafika kwenye meno ya juu. Usikubali kwa kuambiwa "utazoea" wakati nta bado inaweza kusogezwa.

Hatua ya 8: Miezi ya kwanza

Meno mapya ya kuvua hujaza mdomo mate na kuchubua hapa na pale. Anza na vyakula laini, kata vipande vidogo, tafuna pande zote mbili kwa pamoja. Pakichubuka, usiyakwangue kwa kisu wala tupa. Nenda kwa daktari, na hata kama umeyapumzisha, yavae tena siku moja kabla ya kwenda ili alama ya msuguano ionekane. Bila alama atakuwa anakisia. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3 kikaguliwe, hata kama hakiumi.

Usiku yavue, uyalaze ndani ya maji. Yasugue kwa mswaki laini na sabuni laini, kwani dawa ya meno ina chembe zinazoyakwaruza, na maji ya moto huyapinda. Safisha juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Kaakaa likiwa jekundu chini ya bamba, huenda ni fangasi, na tiba yake huanzia kwenye kulala bila meno. Kifaa kidogo cha jino moja au mawili kinaweza kumezwa au kuingia njia ya hewa, kwa hiyo kivue kabla ya kulala na kabla ya kuwekewa dawa ya usingizi hospitalini. Gundi ya meno itumie kidogo. Ukijiona unaongeza kila wiki, meno yamelegea na yanahitaji kujazwa.

Mwenye daraja apenyeze uzi chini yake kila usiku. Mwenye kipandikizi apige mswaki ukingoni mwa ufizi, apitishe brashi ndogo pande zote mbili, na damu ikitoka asisubiri maumivu. Wote wawili wapigwe eksirei kwa ratiba ambayo daktari ataiweka, maana uozo chini ya kofia na mfupa unaoliwa huonekana kwenye picha mapema kuliko unavyohisiwa.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Ukiwekewa kipandikizi, omba kadi yenye jina la kampuni iliyokitengeneza, aina, kipenyo na urefu wake. Kila kampuni ina skrubu na bisibisi zake. Baada ya miaka 12, ukiwa umehama na skrubu imelegea, daktari mpya atakayekuta kadi hiyo ataagiza kipuri sahihi. Asipoikuta ataanza kwa kubahatisha. Ipige picha, uitume kwa mwanao au ndugu yako mmoja, na ya asili uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.